Neno bepari limetupeleka kwenye mizani, wakati Marx alikuwa anaangalia saa

Juzi nimekaa kijiweni Mikindani, huku kwetu Mtwara, kahawa chungu na kashata, msimu wa korosho umeanza na stori kwa watu wote ni moja tu, mnada wa mwisho bei imesimama wapi na hela zitaingia lini. Mzee mmoja ambae namheshimu sana, aliekaa kwenye chama cha msingi cha wakulima miaka mingi, akanigeukia akaniambia, "Njomba, wewe si ndo unaandika mavitabu, huyo Marx wenu alishamaliza kila kitu. Bepari ni yule mwenye mizani." Benchi zima likaitikia. Nikanyamaza, manake kumbishia mzee mbele ya watu sio adabu, lakini usiku usingizi ulinikataa. Nimesoma hayo madude ya Karl Marx, yule mwanafalsafa Mjerumani aliechambua ubepari, zaidi ya miaka kumi sasa, nayasoma kama mwandishi wa riwaya sio kama mchumi, na kama kuna sentensi moja ambayo yeye mwenyewe angeikataa basi ni hio hio. Mzee hajakosea kwa ujinga, ni neno lenyewe limetupoteza wote. Kwahiyo ngoja nilifungue hapa taratibu.

Neno bepari halikutoka kwa Marx wala kwa Wazungu. Limetoka Uhindini, Kigujarati na Kihindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara tu, mtu wa kununua na kuuza. Huku pwani lilikaa na maana hio hio mda mrefu. Ndo maana Mwalimu Nyerere alipoitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice akaiita Mabepari wa Venisi, ikatoka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha ambalo lenyewe lilitumia ubepari kumaanisha mfumo mzima wa uchumi. Yani mtu mmoja, miaka ile ile, neno moja linambebea mizigo miwili, mchuuzi wa bandarini na mfumo unaotawala viwanda vya dunia. Sasa mtu wa Kusini akisikia ubepari, kichwani inakuja picha ya mtu kashika mizani. Na kwetu picha hio haikuja bure, sisi tumeumizwa na mizani kweli.

Chukua kangomba. Mwezi wa pili wa tatu ndani hamna kitu, mtoto anatakiwa shule, mbegu na salfa ya kupulizia mikorosho hazijanunuliwa, anakuja mtu anakupa hela kidogo leo ili msimu ukifika umpe korosho kwa bei yake yeye na kwa kipimo chake yeye. Ukifika mnadani watu wanauza kwa bei kubwa, wewe magunia yako yalishaondoka tangu mikorosho inatoa maua. Ule mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyoanza kwenye korosho 2007 lengo lilikuwa ni hilo, korosho ziende ghalani, zikae kwa pamoja, wanunuzi washindane. Kwahiyo mzee akisema mwenye mizani ni adui anaongea kitu alichokiona kwa macho yake Tandahimba na Newala. Simkatalii.

Ila Marx alikuwa na swali lingine kabisa. Kitabu chake kikubwa, Das Kapital, juzuu ya kwanza ilitoka Hamburg 1867. (Kwa watu wa Mikindani, huo ni mwaka mmoja tu baada ya Livingstone kushuka hapa kwetu, Machi 1866, kuanza safari yake ya mwisho. Mimi napenda kuwaza hivyo, mmoja anapanda kwenda Ruvuma, mwingine yuko London kwenye chumba cha kusomea cha British Museum anakusanya ripoti za viwandani, na wote wawili wanaandika kuhusu watu wanaouzwa, kila mmoja kwa namna yake.) Marx anaanza na bidhaa, kitu cha kawaida kabisa. Kila bidhaa ina sura mbili. Korosho inaliwa, hio ni thamani ya matumizi. Alafu korosho inaweza kubadilishwa na bati au simu au kanga, hio ni thamani ya kubadilishana. Mkulima anaanza na korosho, anapata pesa, ananunua bati, safari imeisha. Mwenye mtaji anaanza na pesa, ananunua bidhaa, anauza, anapata pesa nyingi zaidi kuliko alizoanza nazo, na safari haiishi, kesho anaanza tena.

Hapo ndo linakuja swali, hio nyongeza imetoka wapi? Na hapa tunaachana na mzee wa kijiweni. Marx anasema, tuchukulie mizani ni ya haki. Hakuna aliemwibia mtu, kila kitu kimeuzwa kwa thamani yake halisi. Manake ukisema faida inatoka kwenye kupunja, basi nilichokupunja wewe ndo nilichokipata mimi, hela imehama mfuko, lakini jumla ya nchi nzima haijaongezeka hata senti. Na kama kila muuzaji anapandisha bei kidogo, si akienda kununua nae anapandishiwa? Wizi unaeleza kwanini fulani katajirika, hauelezi kwanini mali yote kwa pamoja inakua kila mwaka. Kwahiyo lazima kuna bidhaa moja sokoni ambayo ukiinunua kwa bei yake halali, alafu ukaitumia, inazaa thamani kubwa kuliko bei uliyoilipia. Bidhaa hio anaiita nguvu kazi, uwezo wa mtu kufanya kazi kwa mda uliopangwa.

Hii nilikuwa naisoma siielewi mpaka nilipomkumbuka mama yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mama alikuwa anabangua korosho sehemu moja hapa Mtwara, jina sitaji, wanawake wengi kwenye banda moja refu. Wanaingia saa moja asubuhi. Korosho zimeshapikwa kwa mvuke, unaweka moja kwenye kile kimashine cha mkono na mguu, unabana, ganda linapasuka, unatoa punje bila kuivunja manake iliyovunjika bei yake inashuka. Mafuta ya ganda yanaunguza, kwahiyo wanapaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza, ila haisaidii sana, baada ya miezi kadhaa vidole vinakuwa vyeusi kama umeshika masizi na ngozi ya kwenye ncha inalika. Miaka baadae mama alienda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho, mashine ikagoma. Kijana akamwambia mama futa kidole vizuri, mama akafuta kwenye kanga, akaweka, ikagoma. Wakajaribu vidole vyote. Alirudi nyumbani akakaa kwenye mkeka akawa anaviangalia tu.

Sasa fanya hesabu na mimi, namba ni za kutunga ili tuelewane. Tuseme mbanguaji analipwa elfu nane kwa siku. Tuseme kwenye banda lile, ukitoa gharama ya korosho ghafi, kuni, umeme na uchakavu wa mashine, kazi ya mtu mmoja inaongeza thamani ya elfu kumi na sita kwa siku. Maana yake mpaka adhana ya adhuhuri ameshairudisha elfu nane yake yote. Kuanzia pale mpaka jioni anaongeza elfu nane nyingine ambayo sio yake. Hakuna alieiba, mkataba unasema siku nzima kwa elfu nane, na elfu nane kalipwa taslimu. Ile jioni ndo Marx anaiita thamani ya ziada, na kwake yeye unyonyaji ni jina la hio jioni, sio jina la mizani mbovu. Ukibadilisha mwenye banda ukaweka mtu mwema anaeswali swala tano na anaewanunulia wafanyakazi futari, jioni ipo pale pale.

Mtu ataniambia lakini mama yako alilipwa kwa kilo, sio kwa siku. Marx ana sura nzima kuhusu hilo. Anasema malipo kwa kipande ni malipo ya masaa yaliyobadilishwa sura tu, mwenye kiwanda anajua mtu wa kawaida anatoa kilo ngapi kwa siku, anagawanya. Tofauti ni kwamba ukilipwa kwa kilo msimamizi anahamia ndani ya kichwa chako, unajisukuma mwenyewe.

Kinachonishika mimi kama mwandishi ni jinsi Marx anavyoeleza mambo ya masaa. Watu wanadhani kitabu kile ni hesabu mwanzo mwisho, hapana. Kwenye sura ya siku ya kazi anasimulia habari ya binti mmoja mshonaji London, Mary Anne Walkley, miaka 20, aliefariki Juni 1863. Alishona masaa 26 na nusu mfululizo pamoja na wasichana wengine 60, wamebanwa 30 kwenye chumba kimoja chenye theluthi tu ya hewa waliyohitaji, kisa nguo za mabibi wa kitajiri kwa ajili ya dansi ya kumkaribisha mke mpya wa mwana wa malkia. Aliugua Ijumaa akafa Jumapili. Na Marx anaweka kile kitu kidogo ambacho mwandishi yeyote atakionea wivu, kwamba bosi wake alishangaa kuona binti kafa kabla hajamaliza kushona kile alichokuwa nacho mkononi. Hapo hakuna nadharia hata moja, na umeelewa kila kitu.

Turudi kwa mkulima wetu, manake yeye sio mbanguaji. Ana mikorosho yake na panga lake, anauza zao, hauzi masaa yake. Marx alijua kuna watu wa aina hio na alijua mtaji wa mchuuzi na mtaji wa mkopeshaji wa riba ni vya zamani kuliko kiwanda chochote, ameviongelea kwenye juzuu ya tatu ambayo rafiki yake Engels aliitoa 1894, mwenzie keshafariki tangu 1883. Kangomba yuko kwenye ukurasa huo, mchuuzi na mkopeshaji kwa pamoja. Anakamua kweli, anaweza kumkamua mtu mpaka akose chakula, ila anakuta zao limeshalimwa. Kwahiyo mzee wetu anapigana na adui wa kweli, ila ukidhani ukimwondoa huyo ubepari umeisha, utakuja kushangaa.

Na tulishaona kwa macho. Mwishoni mwa 2018 wakulima waligomea bei za minada, wakakataa kuuza, na Novemba Rais Magufuli akawaweka wanunuzi pembeni, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba korosho na magari yake. Kukawa na uhakiki wa mashamba ili kangomba wasilipwe. Wengine waliona ni ukombozi, wengine walisubiri hela mpaka wakachoka, na mimi ninao ndugu kwenye pande zote mbili. Lakini angalia kitu kimoja. Mchuuzi katolewa, mizani imeshikwa na dola, na bado sehemu kubwa ya korosho yetu kila msimu inapakiwa ikiwa na ganda lake kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Yale masaa ya mama yangu yamepanda meli. Viwanda vya kubangua vilijengwa huku Kusini miaka ya 70 na kuendelea, kwa mikopo ya nje, kipindi ambacho msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000, alafu uzalishaji ukaporomoka vibaya, vingi vikafungwa, vingine vikageuka maghala. Mimi nataka virudi, nataka sana, watoto wetu wanahitaji ajira. Ila vikirudi na ile jioni inarudi, na siku hio tutatakiwa tuongee habari ya masaa na vyama vya wafanyakazi, sio habari ya mizani peke yake.

Kuna swali napenda kuulizwa, kwamba Ujamaa ulikuwa ni Marx? Hapana. Nyerere aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa wetu msingi wake ni undugu, hauanzii kwenye mapambano ya matabaka, akaukataa ubepari na papo hapo akaukataa ujamaa unaosema lazima watu wagombane ndo wafike. Miaka michache baadae pale Nachingwea, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, wana kambi yao, vijana wa Msumbiji wanajifunza vita, na chama chao kikaja kujitangaza cha Kimarx na Lenin mwaka 1977. Na chuo kikuu Dar kina Issa Shivji wanaandika kwamba matabaka yapo hata kwenye nchi ya Azimio, yapo ndani ya serikali yenyewe. Ila watu wengi hawajui kwamba Marx mwenyewe uzeeni alilegea kidogo. Mwaka 1881 mwanamapinduzi wa Urusi, Vera Zasulich, alimwandikia kumuuliza, hivi vijiji vyetu vinavyomiliki ardhi kwa pamoja lazima vife kwanza vipitie ubepari? Marx akaandika rasimu kadhaa, akazifuta, mwisho akatuma barua fupi, kwamba uchambuzi wake ule ulihusu Ulaya Magharibi, na kile kijiji cha Urusi kinaweza kuwa chenyewe ndo mahali pa kuanzia upya. Hizo rasimu zilizofutwa futwa nazipenda kuliko vitabu vyake vingi. Ni mtu ana miaka 62, dunia nzima inamnukuu, na bado hana uhakika, anaanza aya upya.

Na sio msahafu. Bei ya korosho mnadani huwezi kuieleza kwa masaa tu, kuna mvua, kuna ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, kuna mavuno ya nchi zingine, na tangu miaka ya 1870 wachumi wengi walishahamia kwenye fikra kwamba thamani inatoka kwenye uhitaji wa mnunuzi. Namna masaa yanavyogeuka kuwa bei ni jambo ambalo wafuasi wake wenyewe hawajawahi kulimaliza kubishana. Nakubali yote hayo. Mimi nimebaki na swali lake la saa, nani anaimiliki jioni yako, na hilo sijaona aliejibu vizuri.

Sasa mwandishi yuko wapi kwenye hesabu hii? Marx katoa mfano nimeuandika kwenye karatasi nikaubandika ukutani juu ya meza yangu. Anasema John Milton, mshairi Mwingereza alieandika Paradise Lost na kuiuza kwa pauni 5, kwa lugha ya mtaji hakuwa mfanyakazi mzalishaji. Aliandika kama vile mdudu wa hariri anavyotoa hariri, ni asili yake. Mzalishaji ni yule anaekaa Leipzig anaandika vitabu kwa oda ya mchapishaji. Na hapo "mzalishaji" sio sifa, maana yake ni mtu anaemzalishia mtaji thamani ya ziada. Nilivyosoma hivyo nikajiona vizuri. Mimi ni mkulima wa korosho. Nina shamba langu, ile laptop na madaftari, nalima miaka mitatu, alafu napeleka zao kwa mtu mwenye mizani. Muswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji mmoja miaka minne, na malipo niliyopata ni nakala 30 za kitabu changu mwenyewe, nikawa natembea nazo kwenye begi kutoka shule moja hadi nyingine mpaka Masasi. Wenzangu wanaoandika tamthilia za TV kwa mshahara, sehemu 4 kwa wiki, wao ni wabanguaji. Wana jioni. Mimi napunjwa kwenye mizani, wao wananyonywa kwenye saa, na tunapokutana tunalalamika kama vile tatizo ni moja, kwahiyo hatusaidiani.

Marx mwenyewe alijaribu kuandika riwaya ya kuchekesha akiwa na miaka 19, hakuimaliza. Miaka mingi aliishi kwa hela za Engels, ambazo zilitoka kwenye biashara ya pamba ya familia ya Engels kule Manchester. Alisema Das Kapital haitalipa hata sigara alizovuta akiiandika. Na akiwa kijana, 1842, aliandika kwamba mwandishi lazima apate kipato ili aishi na aandike, lakini asiishi na kuandika ili apate kipato. Kuisema ni rahisi. Kuna miezi nimeandika matangazo ya harusi na risala za mahafali.

Ila sehemu ambayo tunavutana mimi na yeye ni watu. Kwenye dibaji ya 1867 anasema wazi kwamba ndani ya kitabu chake mtu anaonekana pale tu anapowakilisha nafasi ya kiuchumi, mwenye mtaji ni mtaji uliovaa suruali. Kwa mchambuzi ni sawa, tena ni haki, kwasababu inakuzuia kumchukia mtu binafsi. Kwa riwaya ni kifo. Kwenye muswada wangu wa kwanza nilimweka mchuuzi ana kitambi, ana meno ya dhahabu, anacheka vibaya. Ulikuwa uongo. Kangomba ninaowajua mimi ni vijana wawili wenye bodaboda moja, hela wamekopeshwa na mtu wa mjini ambae nae kakopa, wakikosea msimu mmoja wanakimbia mkoa. Engels alimwandikia mwandishi Margaret Harkness mwaka 1888 kwamba maoni ya mwandishi yakijificha ndo kazi inakuwa bora, akamtolea mfano Balzac, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, mtu aliewapenda makabaila na wafalme lakini riwaya zake zikawaonesha wakianguka, kwasababu aliona. Engels anasema kajifunza kwa Balzac mengi kuliko kwa wanahistoria na wachumi wote wa kipindi kile. Hio barua ndo imenifanya nimtupe yule mtu wa kitambi.

Riwaya ninayoandika sasa iko ndani ya banda la kubangulia, na sura ya saba inaanza na adhana ya adhuhuri. Nilifikiri nimeshaipata, wanawake wanaimba asubuhi, adhana inatoka, wanaendelea kuimba mpaka jioni. Wiki iliyopita nikamsomea mama. Akasikiliza yote, alafu akasema hapana mwanangu, asubuhi ndo tunaimba na kusengenyana, baada ya adhuhuri hakuna anaefungua mdomo, kila mtu anahesabu mabakuli yake. Nikamuuliza mnahesabu mnatafuta nini. Akanionesha kwa vidole, taratibu, bakuli la kwanza ni unga, la pili ni mafuta ya taa, la tatu ni daftari lako wewe. Nimeifuta sura yote, naandika upya kuanzia pale wanaponyamaza.